Mikwaruzo kwenye Simu ya Baba Koku

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka. Maji jikoni. Uji. Kumwogesha mume wangu, kumfuta, kumvalisha shati. Kwanza mkono wa kulia, ule uliolala, kisha mzima. Muuguzi alinifundisha hivyo. Miezi sita sasa. Mikono yangu inafanya yenyewe, hata sifikiri.

Nimemkalisha barazani. Chupa ya chai kushoto, fimbo kushoto, simu kushoto. Kila kitu chake siku hizi kinakaa kushoto.

Wakati natafuta chaki kwenye pochi nimeona mkwaruzo kwenye kioo cha simu yake. Mmoja, mwembamba kama ukope, umekatiza katikati. Simu ina wiki tatu tu. Nimemuuliza umetoka wapi. Ameandika kwa dole gumba: sijui.

Nimeondoka na hasira. Nimefika shuleni watoto wameshaingia madarasani. Mwalimu mkuu ametazama saa yake, hajasema kitu. Bora angesema.

Jumanne, 4 Februari

Mkwaruzo wa pili. Na mingine midogo pembeni. Nikiinamisha kioo juani naiona imetapakaa kama nywele za mtoto mchanga.

Nimempigia Koku, binti yetu, yuko Dodoma kikazi. Yeye ndiye aliyeituma simu. Anasema muuzaji alimwambia vioo vya siku hizi ni vigumu, protekta za kukinga kioo zilikuwa za simu za zamani. Alichukua funguo akaikwaruza simu mbele yake. Haikuacha alama. Koku akaamini. Na mimi ningeamini.

Madaftari tisini na mawili ya kusahihisha. Nimesahihisha arobaini. Macho yamekataa.

Alhamisi, 6 Februari

Leo dawa tu na kufua. Basi niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwezi wa nane mwaka jana mume wangu, Masanja, alikuwa anakula ugali na dagaa. Tonge likaanguka. Nikamwambia okota. Akanitazama, mdomo umekwenda upande, akatoa sauti ambayo si neno. Nilidhani anatania. Nilicheka. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya saa kulia. Kwamba nilicheka.

Kiharusi kilichukua mkono na ulimi. Mguu umerudi, si wote, lakini unamfikisha chooni na getini kwa fimbo. Akili iko palepale. Mtu aliyepasua mawe ya Buswelu hii miaka thelathini, aliyekuwa akiita watu kutoka mlima wa pili bila kuweka viganja mdomoni, sasa anaandika "chumvi" kwenye simu na kunionyesha.

Kwa hiyo simu hii si simu. Ndiyo mdomo wake. Nikiona umekwaruzwa napata hasira ambayo siwezi kumweleza mtu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda mjini na simu yake. Kuna mama anaitwa Salma, fundi simu, ana meza yake chini ya ngazi za ghorofa moja karibu na soko. Umri wangu, au amenizidi kidogo. Miwani kwenye pua na mingine juu ya kichwa.

Ameiwashia tochi, akaigeuza taratibu.

"Mama, hii si funguo," akasema. "Funguo ni chuma, kioo kinaihimili. Huu ni mchanga. Chembe za mawe haya haya ya kwetu. Zenyewe ni ngumu kuliko kioo. Mtu ana vumbi mkononi, anateleza kidole, ndiyo imetoka hiyo."

Nikamwambia mume wangu haendi popote. Anakaa barazani, sakafu ya saruji, nafagia kila asubuhi.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa mpasua mawe. Ameacha. Anaumwa."

Ameniangalia juu ya miwani. Ameisafisha, ameweka protekta ya kioo na kava lenye pembe za mpira. Imependeza. Imekuwa kama mpya, mikwaruzo imepotea chini yake. Nimerudi nyumbani nimefurahi. Sikumbuki mara ya mwisho kurudi nyumbani nimefurahi.

Jumapili, 9 Februari

Furaha ya jana imekwisha.

Protekta haipokei kidole chake. Changu inakipokea vizuri. Chake hapana. Dole gumba la Masanja ni gumu kama kisigino, nyundo imelifanya hivyo. Anagusa, haliandiki. Anagusa tena, inakuja herufi ya jirani. Baada ya misa ameandika "mhsji" nikaleta maji. Hakutaka maji. Alitaka mkeka.

Nimemwambia abonyeze kwa nguvu. Amebonyeza kwa nguvu. Nimemwambia ataizoea. Amenitazama kama ninavyowatazama wanangu wa darasa la tatu wakisema wamesahau daftari nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Nimerudi saa tisa. Protekta iko kwenye ndoo ya takataka, vipande vipande. Ameibandua. Kwa mkono mmoja. Sijui alitumia meno au nini.

Na kioo kina mikwaruzo mipya. Mmoja ni mbaya, mrefu, unatoka kona ya juu mpaka karibu na chini.

Nilipiga kelele. Majirani wamesikia, najua wamesikia. Nilisema umekuwa mtoto. Nilisema Koku anajinyima kule wewe unaharibu huku. Nilisema mengine ambayo sitayaandika.

 Ameweka simu mezani, uso chini, akaenda chumbani. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Nimebaki nimesimama na ndoo mkononi.

Jumatano, 12 Februari

Uji amekunywa nusu. Nilipomvalisha shati alitazama ukuta.

Nimempigia Koku nikamshtaki baba yake. Nilijisikia wakati nikiongea, sauti ileile ninayowaitia wazazi shuleni. Koku amelia. Amesema atanunua nyingine. Nimemwambia usithubutu.

Naona aibu kuandika hili, lakini hapa hakuna anayesoma. Kuna siku natamani kuugua mimi. Nilale, mtu anivalishe shati.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefua suruali zake. Mfukoni, chini kabisa kwenye mshono, kokoto tatu na vumbi la kijivu linalometameta. Kwenye pindo la mguu vumbi lilelile. Nimegeuza viatu vyake. Vumbi.

Nimekaa mbele ya beseni bila kufua.

Anatoka. Nikishaondoka anatoka. Na vumbi hilo liko sehemu moja tu, machimboni nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu yangu mizima. Njia yenyewe ni mawe matupu. Akianguka pale nani atamwona? Atamwitaje mtu?

Nilichukua simu yake nitazame picha, labda nitaona kitu. Nikairudisha. Sijawahi kupekua simu yake miaka yote, sitaanza wakati ndiyo mdomo wake.

Sijamuuliza. Nimeogopa ataandika sijui.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Saa nne nimetoka. Nyumbani mlango umefungwa, kiti kitupu, fimbo haipo. Chai haijaguswa.

Nilipanda kilima nikiwa na viatu vya shule. Nilimwomba Mungu na kumlaumu kwa pumzi hiyohiyo. Nilitazama kila bonde la njia nikitegemea kuona shati lake la bluu limelala chini.

Kabla ya kuona watu nikasikia nyundo. Kisha nyundo zikanyamaza zote. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu.

Nimeandika sawasawa. Sauti yake.

"Ha... hapa. Hapana. Chi... chini."

Nilijificha nyuma ya jiwe kama mwizi. Amekaa kwenye kivuli cha magunia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanawake wanaogonga kokoto wamemzunguka, na mafundi wawili wa kupasua. Simu iko gotini. Amepiga picha ya jiwe, na kwa lile dole gumba lake anachora mstari juu ya picha: hapa ndipo jiwe litakubali kupasuka. Fundi anatazama, anakwenda kuchora kwa chaki kwenye jiwe lenyewe. Kisha anageuka kumuuliza. Na Masanja anamjibu kwa mdomo. Neno linachukua muda, shingo inakaza, mate yanamtoka. Wote wanasubiri. Hakuna anayemsaidia. Hakuna hata anayemwangalia kwa huruma. Mmoja alikuwa anajikuna mguu.

Mama Minza ndiye aliyeniona. Namfahamu, amesomesha watoto wawili pale shuleni kwa kokoto. Alikuja nyuma ya jiwe akifuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu. Kumbe hakukuambia."

"Anakuja tangu lini?"

"Tangu alipoletewa simu. Mimi humpokea pale kona ya mpera, tunapanda naye. Anapumzika mara tatu. Zamani mara tano."

"Mama Minza, anaongea."

"Anaongea. Mwanzo tulikuwa hatumwelewi. Sasa tunamwelewa."

"Mnafanyaje?"

Alishangaa swali. "Tunamsubiri tu, mwalimu. Kwani tunakwenda wapi?"

Sikujitokeza. Nilishuka. Njiani nililia, na si kwa furaha, au si kwa furaha tu. Wivu. Miezi sita nimemlisha, nimemwosha, na neno la kwanza amewapa wengine.

Jumanne, 18 Februari

Nimemwambia nilikwenda. Nimemwambia nimekusikia.

 Nikamuuliza kwa nini kule na si hapa. Alifungua mdomo. Nilisubiri, nadhani nilisubiri. Kisha nikasema, "Unaona aibu, eh? Ndiyo maana?" Akafunga mdomo. Akachukua simu.

Ameandika: hapa unamaliza wewe.

Nimeisoma mara mbili kwa sababu ya mikwaruzo, na mara ya tatu kwa sababu nyingine.

Kisha akaandika kuhusu protekta, bila kuulizwa. Kwamba ilikuwa haifuati kidole. Kwamba mstari ulikuwa unakatika, unaruka, na mstari ukiruka fundi anagonga mahali pasipo pake. Ndiyo maana aliibandua. Hakutaka kuniambia kwa sababu angelazimika kuniambia mstari wa nini.

 Mimi ni mwalimu. Mtoto akisitasita kusoma, nawaambia wenzake nyamazeni, mwacheni. Nyumbani kwangu nimesahau.

Jumamosi, 22 Februari

 Naandika polepole.

Leo nilikwenda naye. Nilitaka kuona, na nilitaka aone kwamba sikatazi. Tulipumzika mara tatu kweli. Kutoka juu ziwa linaonekana, bamba jeupe, jua kali mno hata huwezi kulitazama.

Kulikuwa na jiwe kubwa kama chumba, limekaa juu ya mteremko. Chini yake ndipo wanawake wanapogongea kokoto, kwa sababu kuna kivuli. Masanja alilipiga picha, akachora. Mstari uende upande wa juu, kipande kiangukie bondeni. Nilimwona akichora. Mzee Lukas, fundi mwenye tindo, akaichukua simu, akaitazama juani, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Macho ya mzee Lukas si mazuri. Akapanda.

Akaanza kugonga upande wa chini.

Masanja alisimama. "Si... si..." Nyundo inalia, hakuna anayesikia. "Si... si..." Mimi niko kando yake. Mdomo wangu ulikuwa wazi, tayari kumalizia kama kawaida yangu. Na sikujua neno. Sikujua anaona nini. Miaka yote hii nimekuwa nikidhani najua anachotaka kusema.

Nilimtazama nikasubiri. Sekunde ngapi sijui. Shingo yake ilikaza mpaka mishipa ikasimama.

"TOKENI!"

Neno zima. Sauti ile ya zamani, ya mlima wa pili. Wanawake hawakuuliza. Waliacha nyundo, wakakimbia. Mama Minza alimvuta mwenzake mjamzito kwa mkono. Jiwe likalia kama mti unaovunjika, kipande kikamenyeka, kikateleza mpaka kwenye magunia. Vumbi likatufunika wote.

Lilipotulia tulihesabiana majina. Wote wapo. Kipande kimekaa juu ya rundo la kokoto la Mama Minza. Dumu lake la maji limekuwa bapa.

Mzee Lukas alishuka analia kabisa. "Nimefuata mstari wako, Masanja. Nimefuata mstari."

Nikaichukua simu nikaishika juani kama alivyoishika yeye. Niliona. Mstari wa Masanja ni mweupe, mwembamba, juani hauonekani kabisa. Kinachoonekana ni ule mkwaruzo mrefu, unang'aa, unakatiza picha ya jiwe kuanzia juu mpaka upande wa chini. Mzee Lukas amefuata mkwaruzo.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulikaa chini. Mama Minza ndiye aliyecheka kwanza, kile kicheko cha mtu aliyenusurika, kisha akafunika uso kwa kanga.

Jumatatu, 24 Februari

Masanja hakutoka leo. Wala jana. Amekaa barazani na chai yake kama nilivyotaka tangu mwanzo. Sijapenda kumwona hivyo.

Koku, nilipomweleza habari ya jiwe, amesema nimfungie baba yake ndani. "Mama, atakufa huko, au aue watu." Nikamjibu hapana. Nimejishangaa. Nimemwambia baba yako amepiga kelele juzi, watu saba wako hai. Hakujua baba yake ana sauti. Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimemshtakia mikwaruzo tu.

Jumatano, 26 Februari

Mama Minza amekuja jioni na wenzake wawili. Wameleta viazi vitamu. Walimsalimia Masanja kwanza, kabla yangu. Wakakaa.

"Mzee, lile jiwe bado liko nusu," akasema Mama Minza. "Hatuligusi mpaka uje."

Masanja alitazama chini. Kisha akainua simu, akawaonyesha kioo, akatikisa kichwa. Alikuwa anaona aibu. Mtu mzima, anaona aibu ya kioo.

"Hicho ni kioo," akasema Mama Minza. "Kinatengenezwa."

Niliwakaangia karanga. Nilikuwa nimechoka hadi nikazichoma, wakazila hivyohivyo.

Jumamosi, 1 Machi

Tumekwenda kwa Salma, wote wawili. Bajaji ilituchukua mlangoni kwetu. Mvua ilikuwa imepita, mjini matope, nilimshika kiwiko toka barabarani mpaka kwenye ngazi.

Nilianza kueleza. Salma aliniinulia kiganja, kwa adabu lakini aliinua.

"Shikamoo mzee. Simu ni yako?"

Masanja akakubali kwa kichwa.

"Basi niambie wewe inasumbua nini."

Nilikunja mikono. Ilichukua muda. Mteja mwingine alikuja, akasubiri, akaondoka. Masanja alisema, "Ki... kidole," kisha "ha... haisikii," kisha akaonyesha jua. Salma akaelewa yote. Mimi nisingeweza kueleza vizuri hivyo kwa maneno mia.

Amesema kosa la kwanza ni lake. Aliweka protekta nene ya kioo bila kujua ni ya kidole gani. Kuna nyingine laini, kama ngozi, inabandikwa kwa maji. Hiyo haizuii kidole. Mchanga utaikwaruza yenyewe badala ya kioo, ikichoka unaitoa, unaweka nyingine. Pia kuna mahali ndani ya simu pa kuongeza usikivu wa kioo. Ameongeza. Kisha akamwambia Masanja ajaribu kabla ya kutulipisha chochote. Masanja amechora mstari mezani kwa Salma, picha ya kikombe chake, mara kumi. Haukukatika. Salma akambadilishia rangi ya mstari. Nyekundu, nene kama kamba ya kiatu.

Nilimuuliza swali lililonikaa tangu mwezi uliopita. Yule muuzaji aliyesema vioo vya siku hizi havihitaji protekta, alimdanganya binti yangu?

"Hakudanganya sana," akasema. "Kuna watu hawahitaji. Karani anakaa ofisini, simu iko mezani, jioni iko kwenye pochi, atakaa miaka bila protekta, atapata mikwaruzo miwili tu. Ukiweka simu na mchanga pamoja, bado sijaona kioo ambacho hakikwaruziki. Wauzaji wanapaswa kuuliza mtu anafanya kazi gani. Hata mimi sikuuliza vizuri."

Akamwonya asifutie shati. Shati ndilo lenye vumbi. Apulize kwanza, au amwagie maji kidogo, simu hii inahimili, kisha kitambaa safi. Mikwaruzo ya zamani haitoki. Imefunikwa tu. Ukijua ilipo bado unaiona.

"La... laini," akasema Masanja, akipitisha dole gumba juu ya kioo. Akatabasamu upande mmoja, ule unaoweza.

Alhamisi, 6 Machi

Amerudi machimboni tangu Jumanne. Mstari mwekundu. Mzee Lukas sasa harudi kwenye jiwe mpaka Masanja amwambie ndiyo kwa mdomo. Lile jiwe limepasuka upande wa bondeni, safi, Mama Minza amenieleza kwa mikono yote miwili. Wamehamisha pa kugongea. Hakuna tena anayekaa chini ya mteremko, kivuli au hakuna kivuli.

Mimi bado nachoka. Hilo halijabadilika. Saa kumi na moja, maji, uji, shati. Watoto tisini na wawili. Jana nilimmalizia tena neno, nikajishtukia, nikaomba radhi, naye akaandika kwenye simu: la leo nakusamehe. Niko hivyo. Sijui nitaweza lini.

Jumapili, 9 Machi

Misa ya kwanza. Mchana sato wa kuchemsha, wali kidogo. Mvua ilinyesha nusu saa, ikaacha.

Baada ya kula nilitoka uani kuosha vyombo. Masanja alibaki sebuleni na simu. Nilisikia mlio wa kupiga kwenye spika, nikajua anampigia Koku. Hajawahi kumpigia tangu augue. Humwandikia tu.

"Haloo? Mama?"

"Mama, ni wewe?"

"Ko..."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikuyagusa tena maji. Mlango uko hatua tatu. Sikwenda.

"Ko... Ko..."

Kule Dodoma hakuna aliyesema kitu. Nilisikia gari likipita upande wake. Nikasikia mtoto wa jirani kwake akiimba, kisha mlango ukifungwa, wimbo ukaisha. Koku alikuwa anasubiri. Sikuwa nimemfundisha.

"Koku. U... ume... umekula?"

Kisha sauti ndogo, ya zamani sana, ya kabla hajaondoka nyumbani.

"Nimekula, baba."

"Ha... haya."

Nikarudi kwenye sufuria. Ukoko ulikuwa umeganda chini. Nikaongeza maji, nikasugua.